Ulimfundisha Kusalimia Kila Mtu

Mama,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, na ya kwangu kama unaiona kutoka huko basi umeshaguna mara nyingi. Nimekaa juu ya robota la mitumba hapa sokoni Makambako. Mvua imefukuza wateja, na upepo wa huku unapiga turubai utadhani umetumwa. Zelina yuko chini ya meza anapanga soksi. Kila soksi anaitafutia mwenzake, na zile zinazokosa wenzao anazifunga pamoja fundo moja, zisikae peke yao. Nimemwambia hakuna mtu atakayenunua soksi za namna hiyo. Amesema basi zitakaa kwetu.

Juzi tulikuwa Njombe, nyumbani kwako Mjimwema. Nimetoka pale nimekosana na Kaka Obedi, na amesema nisikanyage tena mpaka nitakapopata akili. Wanao wawili hawasemeshani, Mama, na chanzo ni mjukuu wako. Nakueleza mimi mwenyewe kabla yeye hajaja kaburini kwako na maelezo yake. Nitaandika polepole, maana kusoma hukujua, na huko sidhani kama yuko mwinjilisti wa kukusomea barua zangu kama zamani.

Kwanza nikulaumu. Kulia nitalia baadaye.

Wewe ndiye uliyesema nikuletee mtoto. Zelina alikuwa amechelewa kutembea, amechelewa kusema, na baba yake ameanza kunung'unika kwamba upande wetu una mambo. Ukasema mlete huku, huku kuna baridi, watoto wanatulia. Nikamleta na sweta lake moja, nikarudi kwenye biashara, na miaka ikaenda. Shule ilimshinda. Alirudia darasa la kwanza mpaka watoto aliowabeba mgongoni wakampita, na mwalimu akakwambia ana mtindio wa ubongo, na kwamba pale hawana mwalimu wa watoto wa aina hiyo. Ukamjibu kuwa heshima anayo, wakati hao wa darasa la saba wanapita bila hata kukuangalia. Nilicheka sana uliponisimulia. Nilikuwa nacheka kwa sababu mzigo ulikuwa mgongoni kwako.

Ukamfundisha ulichoweza: kumenya viazi, kukoka moto kwa kuni za miti ya miwati, kutandika. Na kusalimia. Hapo ndipo ulipomaliza ujuzi wako wote. Mtu mzima yeyote akipita barabarani, Zelina anapiga goti, anatoa mikono miwili, anasema "Kamwene." Ukamwambia na hili: usiinuke mpaka uitikiwe kwa kamwene hiyo hiyo, kuinuka kabla ni dharau. Akalishika. Anashika machache, lakini analolishika hulitoi hata kwa koleo. Mjimwema yote ilimpenda. Hata waliokuwa na haraka walisimama wakamwitikia, maana walijua wasipoitika watamkuta palepale wakirudi.

Halafu ukafa. Umemfunza adabu za mahali ambapo kila mtu anamjua ni mjukuu wa nani, ukafa, ukanirudishia hapa njia panda. Mama, Makambako si Mjimwema. Tangu mambo yawe ruksa na kila mwenye mtaji aruhusiwe kuuza anachotaka, mji huu umejaa watu ambao hakuna anayejua wametoka wapi. Malori ya Songea, malori ya Mbeya, ya Zambia, wote wanalala hapa. Na mimi naletewa binti mwenye mwili wa mwanamke, ameshavunja ungo, anayepigia goti kila dereva.

Najua uliona alivyokuwa anakua. Lakini hukuwahi kumwona akicheza rede na watoto wa jirani yangu, Mama Hamisi, na wenzao wa mtaani, wale wa darasa la pili. Anawazidi kimo mara mbili. Akipigwa na mpira akaambiwa atoke, anajitupa chini na kulia mpaka kamasi. Baada ya muda anamkumbatia yule aliyempiga, anambana hasa, na mama wa yule mtoto anatoka mbio na mwiko. Siwalaumu. Na mimi ningetoka na mwiko. Wasichana wa rika lake wanasuka nywele na kunong'ona habari za wavulana, na yeye akiwasogelea wananyamaza, wanamtuma maji.

Sasa sikia lililotokea. Jioni moja nimetoka kufunga meza, simwoni. Nikazunguka soko, nikaenda stesheni, nikaenda kwa Mama Hamisi. Tukamkuta ndani ya lori, amekaa kiti cha mbele, anakula chapati. Nikashika tairi. Dereva alikuwa mtu wa pwani, mzee wa makamo, akashuka kwa hasira akaniuliza mimi ni mama wa namna gani. Akasema huyu binti amenipigia goti akasema maneno nisiyoyajua, nikapita zangu, akanifuata. Nikaenda kula, akapiga goti mlangoni. Nikapanda gari, akapanda. Umeelewa, Mama? Yule mtu hakujua Kibena. Hakujua anatakiwa kuitika. Na mtoto wako mtiifu angefika naye Tunduma akiwa bado anasubiri aitikiwe.

Mungu alitupa dereva mwema siku ile. Lakini madereva ni wengi.

Kesho yake nilinunua kufuli. Ndiyo, nilimfungia. Naenda sokoni, naacha uji, naacha kopo la kujisaidia, nafunga mlango kwa nje. Usinikasirikie, au nikasirikie, sijali. Ungefanyaje? Baba yake alipopunguzwa kazini, kiwanda kilipouzwa, alikwenda mpakani kutafuta maisha, na maisha akayapata kwa mwanamke mwingine. Nimebaki mimi na meza hii. Nikikaa naye ndani hatuli. Nikitoka naye sina macho ya kutosha. Mwanzoni nilikuwa nalia njiani, ufunguo ninao kwenye kanga. Baadaye sikulia tena, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nikirudi nasikia tangu mbali: amesogeza mdomo kwenye ufa wa dirisha, anasalimia viatu vinavyopita. Kamwene. Kamwene. Watu wa mtaa walizoea, wengine wakawa wanaitika bila kuangalia. Siku ya wasioitika, nilimkuta bado amepiga goti chini ya dirisha, magoti yamechubuka kwa sakafu.

Na usidhani aliyefungiwa ni yeye tu. Siwezi kwenda Mbeya kuchagua robota mwenyewe, nachukua yanayobaki. Msibani siendi, kwaya niliacha. Nikienda kuoga anasimama nje ya mlango wa bafu ananiuliza kama bado nipo. Kuna siku nilinyamaza makusudi, nione atafanyaje. Alipiga mlango ule mpaka bawaba ikang'oka. Nilikaa chini na sabuni yangu mwilini nikasema, ndiyo hivi, na itakuwa hivi mpaka nife.

Aliyenitoa kwenye kufuli ni Mama Hamisi. Unamkumbuka, yule Mrangi wa Kondoa anayeuza vitumbua, uliyemtania kwamba anavaa kanga tatu kwa ajili ya baridi. Aliniambia, "Shoga, siku nyumba ikishika moto utakuwa wapi na huo ufunguo?" Nikakaa naye jikoni kwake, tukatafuta namna. Kusalimia hatuwezi kumnyang'anya, hilo umelijenga wewe kwa zege. Lakini tunaweza kumwekea mlango. Tukamwambia hivi: kabla ya kumsalimia mtu, muulize Mama kwanza, huyu ni wa kwetu? Mama akisema ni wa kwetu, salimia. Akisema si wa kwetu, mikono nyuma, unapita. Kama Mama hayupo, muulize Mama Hamisi. Kama na yeye hayupo, basi hakuna wa kwetu.

Mvua za mwaka mzima zilipita kabla hajalishika. Na alipolishika, Mama, nilitamani ardhi inimeze. Maana anauliza kwa sauti ile ile ya kusalimia. Mteja amekuja, ameshika gauni, anataka kutoa hela, Zelina anainuka: "Mama, huyu ni wa kwetu?" Mchungaji anatoka madhabahuni kutusalimia mlangoni: "Mama, huyu ni wa kwetu?" Na mimi nifanyeje, niseme uongo? Nikimdanganya mara moja kazi yote imekwisha. Mgambo alikuja kutufukuza na meza zetu barabarani, akaulizwa yeye usoni kwake, nikasema huyu si wa kwetu. Soko zima liliangua kicheko. Mgambo alinitupia robota matopeni, lakini wanawake walinisaidia kufua.

Nilijifunza kuwaangalia watu vizuri, sikufichi. Nikiulizwa lazima nijue. Kuna ndugu kabisa ambao nilikawia kujibu.

Basi ndipo Kaka Obedi akaleta habari zake. Alikuja mwenyewe Makambako, akala vizuri, akanywa chai, akasema amempatia Zelina mume. Mgane, amefiwa na mke, mkulima wa huko Ludewa, upande wa Mchuchuma. Ana shamba, ana watoto watatu, na makaa ya mawe yakianza kuchimbwa atakuwa mtu mkubwa. Nikamwambia nimeanza kusikia yanaanza kuchimbwa nikiwa na meno ya utoto. Hakucheka. Akasema yule bwana hataki msomi, anataka mwanamke mtulivu asiye na maneno mengi. Akasema, "Dada, unazeeka. Unataka ufe naye mkononi?"

Nitakwambia na hili, maana wewe ndiye pekee wa kuambiwa. Sikukataa. Nilisema nitafikiri, na nilichofikiria ni kitanda. Kulala peke yangu, nijinyooshe. Kupanda gari la Mbeya asubuhi na mkono wangu mtupu. Kuoga mpaka maji yaishe. Nilikuwa natembea sokoni nikitabasamu, Mama Hamisi akaniuliza nimeokota nini. Nilichoka, Mama. Wewe ulikuwa na uwanja, na majirani, na mbwa wa kumrudisha akipotea. Mimi nina chumba. Nikamtumia Kaka ujumbe kwamba waje, tutakutana Mjimwema.

Tulikwenda. Nyumba yako iko vilevile, ila kiti chako wamekitoa nje, kuku wanalalia. Wifi alipika, pombe ya ulanzi ikaletwa, wageni wakafika na mshenga wao, mzee mwenye koti refu anayejua kuongea mpaka unasahau anaomba nini. Wakaweka jembe jipya juu ya mkeka, na blanketi langu mimi, mama wa binti. Yule mgane alikuwa amevaa shati safi lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na alikuwa anaangalia vidole vyake. Hakuwa mtu mbaya. Nisingependa ufikiri alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Unaijua desturi. Jembe likishawekwa, binti anaitwa, anapiga goti, anaulizwa mbele ya wote: hawa wageni unawafahamu? Akisema anawafahamu, jembe linapokelewa, mambo yamekwisha. Akisema hawafahamu, wanabeba jembe lao. Na hapo ndipo Kaka alipokuwa ameweka matumaini yake yote. Alimjua Zelina wa kwako, yule ambaye angesema anawafahamu hata wangekuja wezi na gunia. Alikuwa ametulia kabisa, anakunywa.

Akaletwa. Wifi alimvalisha kitenge changu cha kanisani, akamfunga kilemba, na alipoingia nilimwona, Mama, alikuwa mwanamke mzuri. Watu walishusha pumzi. Akasimama katikati ya sebule. Goti hakupiga. Mshenga akamwuliza kwa upole kama wageni hawa anawafahamu. Zelina akawaangalia mmoja mmoja, mikono imeshaanza kutoka yenyewe, halafu akairudisha nusu. Akageuka akatafuta mpaka akaniona kwenye mlango wa jikoni, katikati ya wanawake.

"Mama, hawa ni wa kwetu?"

Nilisikia ulanzi ukitoa mapovu kwenye ndoo. Kaka akasema haraka, "Ni wa kwetu, mwanangu, salimia." Zelina hakumwangalia hata kidogo. Hakuwa amemwuliza yeye.

Neno moja, Mama. Ni wa kwetu. Ningelisema, angepiga goti pale pale na uso wake ungefurahi, maana hakuna anachokipenda duniani kama kusalimia. Na mimi ningerudi Makambako kwenye gari la jioni, nimekaa dirishani, peke yangu. Nilifungua mdomo na nakuapia sikujua ni lipi litatoka. Nilimwangalia yule mgane, nikangoja ainue macho. Nilisema moyoni, akimwangalia tu, akimwona, nitasema ndiyo. Hakuinua. Aliendelea na vidole vyake, akisubiri kazi iishe. Nikamwona mwanangu huko mbali akipiga goti kila asubuhi mbele ya mtu ambaye hajui kuitika, magoti yamechubuka, na hana wa kumwuliza.

Nikasema, "Si wa kwetu."

Zelina akaweka mikono nyuma. Akamgeukia mshenga, akamwambia kwa adabu zote ulizomfundisha, "Siwafahamu, baba. Samahani."

Wakabeba jembe. Blanketi nilirudisha mwenyewe. Kaka alinifuata mpaka nyuma ya nyumba, pale penye tanuri lako la zamani, akasema maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu mengine aliyasema huku analia. Alisema nimemwaibisha mbele ya watu wa Ludewa, na kwamba nimemfundisha mtoto kukataa watu. Halafu akaniuliza, "Siku umekufa, atamwuliza nani?" Swali hilo nimerudi nalo. Nimeligeuza tangu juzi, na kila nikilishika linaniponyoka. Kaka ana haki ya kuuliza. Mimi niko chumbani mule mule, Mama, na hakuna aliyenifungia ila huyo mtoto na mimi mwenyewe, na ufunguo ninao, na siutumii.

Asubuhi yake tulipita kukuaga. Kaburi lako limeota majani upande wa miguu, nimeyang'oa. Zelina alisimama mbali kidogo. Nilifikiri atakimbilia kama alivyofanya siku ya mazishi. Akaniangalia, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama, bibi bado ni wa kwetu?"

Hapo ndipo nililia. Si siku ya mazishi, si siku ya arobaini. Nikamwambia bado, bado ni wa kwetu. Akapiga goti kwenye tope na kitenge changu cha kanisani, akatoa mikono miwili juu ya udongo. "Kamwene, bibi." Akangoja. Umesahau ulichomwambia? Mtu haondoki mpaka aitikiwe. Kule chini gari la Makambako lilikuwa linapiga honi, kondakta anaita, manyunyu yameanza, na mjukuu wako amepiga goti na hainuki. Nikamvuta mkono, akaukaza. Alikuwa anakungoja wewe, kwa subira yote, bila wasiwasi, kana kwamba umeingia jikoni mara moja.

Nikasimama nyuma yake. Nikajikohoza kama ulivyokuwa unajikohoza, nikaishusha sauti mpaka ikafika kifuani ilipokuwa inakaa ya kwako, nikasema, "Kamwene."

Akainuka. Akapangusa magoti. Akaniambia, "Bibi ana mafua."

Mvua imekatika, Mama, wateja wanaanza kurudi, na hapa kuna mwanamke anashika koti huku anamwogopa Zelina, na Zelina anangoja nimwambie. Niache niende nikafanye kazi. Lala pale chini ya miwati, usihangaike na Kaka, nitamwandikia na yeye, polepole hasira zitapoa. Jibu la swali lake nitalitafuta. Mama Hamisi anajua, watoto wake wanajua, na nikipata hata mmoja kila mwaka wa kumwambia Zelina kwamba huyu ni wa kwetu hata mimi nisipokuwepo, nitamwongeza. Hilo siwezi kukuahidi, maana sijui kama watatosha. Ninalokuahidi ni hili moja ambalo naliweza: kila akija kukupigia goti, nitakuwa nyuma yake, na utamwitikia.

Mwanao,
Mama Zelina